Mbuzi tisa, maji moyo na sindano ya kukojoza: uchambuzi wa kisa kimoja cha Tanga

Kisa hiki kilitokea msimu mmoja wa vuli, katika wilaya mojawapo ya pwani ya mkoa wa Tanga. Jina la kijiji nimelitoa, na la mfugaji pia, na chochote ambacho kingemfanya msomaji wa huko aseme "ah, ni kwa fulani". Mfugaji mwenyewe ndiye aliyenihimiza nikiandike. Nakiandikia maafisa mifugo wenzangu wa kata, wanafunzi wa mifugo, na wafugaji ambao nyumbani kwao kuna ndugu anayefanya kazi hospitali, kwa maana kosa lililotokea hapa lilifanywa na watu wenye akili timamu, waliokuwa wanajitahidi kuokoa, na lilianzia kwenye jina sahihi la ugonjwa.

Usuli

Mfugaji ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Kijijini wanamwita Mwalimu, nami humu nitamwita hivyo hivyo. Sehemu ya kiinua mgongo chake aliiweka kwenye mbuzi wa maziwa: majike tisa chotara, aliowanunua kwa wafugaji wa milimani Usambara. Kule walizaliwa ndani ya banda na kukulia ndani ya banda. Majani ya gwatemala yalikatwa kwenye kingo za matuta na kuletwa mlangoni, na mbuzi hakuwa na sababu ya kukanyaga nyasi za nje. Walikuwa na afya nzuri, manyoya yanang'aa, na hawajui kupe.

Hilo la mwisho ndilo zito. Mbuzi wa pwani huumwa na kupe tangu wiki yake ya kwanza duniani, umri ambao mwili wake una kinga ya kuzaliwa nayo dhidi ya maji moyo, ugonjwa unaoletwa na kupe. Akiambukizwa wakati huo mara nyingi haumwi, na anabaki na kinga. Mbuzi mkubwa anayekutana na ugonjwa huu kwa mara ya kwanza hana bahati hiyo.

Wiki sita za mwanzo Mwalimu aliwaweka bandani kama alivyoelekezwa na waliomuuzia. Kiangazi kikakaza, majani ya kukata yakawa ya kutafuta mbali, na kijana wake wa kazi akachoka. Mvua za vuli zilipoanza na nyasi kuchipua chini ya minazi, wakaona hakuna haja ya kuhangaika. Mbuzi wakaanza kwenda malishoni pamoja na wa majirani, kwenye viunga vya minazi na kandokando ya shamba la zamani la mkonge ambalo ng'ombe wa kijiji hupita kila siku. Mwanzo wa mvua ndio wakati kupe wakubwa wa jamii ya Amblyomma wanapoamka kwa wingi.

Yaliyotokea

Siku ya 17 tangu watolewe nje, mbuzi wa kwanza alikutwa amekufa alfajiri. Jioni yake alikuwa amekula vizuri. Watu wakasema nyoka, akafukiwa.

Siku mbili baadaye wa pili aliacha kula, akawa anahema haraka na amesimama peke yake kwenye kona. Mzee jirani, mfugaji wa miaka mingi, alimtazama, akamshika masikio, akasema: "Mwalimu, huyu ana maji moyo." Mzee alikuwa sahihi kabisa, bila maabara.

Mwalimu akampigia simu mtoto wa kaka yake, ambaye ni mhudumu katika kituo cha afya wilaya nyingine. Kijana akasikiliza, akauliza kama mbuzi anahema kwa shida, akajibu kama alivyofundishwa kwa binadamu: "Shangazi, moyo ukishindwa kazi maji yakajaa, sisi tunampa mgonjwa sindano ya kukojoza. Utaona nafuu hapo hapo." Dawa yenyewe ni furosemaidi. Ikanunuliwa duka la dawa la mjini, ampuli za miligramu 20, na mbuzi akachomwa mbili kwenye msuli wa paja.

Nafuu ilionekana kweli. Katika nusu saa mbuzi alikojoa mara tatu, mkojo mwingi, mweupe kama maji ya kisima, na kila mtu aliyekuwepo alifurahi. "Nilisema alhamdulillahi, maji yanatoka," Mwalimu aliniambia baadaye. Jioni akarudiwa kipimo kile kile. Alikufa kabla ya adhana ya alfajiri.

Siku hiyo wa tatu akaugua. Akapewa dawa ile ile asubuhi na jioni, kwa kuwa wa pili alidhaniwa amechelewa kuanzishiwa. Jioni hiyo Mwalimu akanipigia mimi. Nilikuwa kwenye chanjo ya mdondo ya kuku katika kata nyingine. Akasema, "Dokta, mbuzi wangu amelegea, na anakojoa sana." Nikamuuliza kuhusu kula, kuhusu kinyesi, kuhusu kiwele. Nikamwambia ampe maji safi, nitafika kesho. Sikumuuliza kama amempa dawa yoyote.

Nilifika saa mbili asubuhi. Sakafu ya banda ilikuwa imelowa. Mbuzi alikuwa amelala ubavu, shingo imepinda nyuma, miguu inapiga hewa kama anakimbia, kope zinachezacheza, mdomo unatafuna kisichokuwepo. Kipimajoto kilionyesha 37.6. Mbuzi mzima huwa kati ya 38.5 na 39.5, kwa hiyo huyu homa yake ilikuwa imeshapita na mwili unazima. Masikio ya baridi. Fizi kavu. Nilipomfinya ngozi ya shingo ilisimama kama kitambaa kilichopigwa pasi, haikurudi, na macho yalikuwa yamezama ndani. Nilishangaa: dalili za ubongo nilizijua, maji mapafuni niliyasikia kwa masikio yangu, lakini mnyama huyu alikuwa amekauka kama mwenye kuhara siku tatu, na hakuwa na hata dalili ya kuhara.

Ndipo nikaona juu ya mbao ya hori kifuu cha nazi, ndani yake vichwa vya ampuli vilivyovunjwa, vya kahawia, vinane. Nikamuuliza Mwalimu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia yote.

Nilimchoma oksitetrasaiklini, antibayotiki ya ugonjwa huu, iliyokuwa imechelewa siku nzima. Alikufa ndani ya saa moja.

Kabla ya kumpasua nilihakikisha hakuna damu puani wala nyuma, nikachukua tone la damu ya sikio kwenye kioo, kwa hofu ya kimeta. Kisha nikafungua kifua. Mfuko unaozunguka moyo ulikuwa umetuna na kukaza. Mapafu yalikuwa mazito, na koo la hewa limejaa povu jeupe. Kibofu cha mkojo kilikuwa kimenywea, tupu. Nikachota maji ya moyo kwa bomba la sindano na kuyamimina kwenye glasi ya chai ambayo Mwalimu aliniletea. Yalikuwa ya manjano hafifu, safi, unaona upande wa pili. Nikaiweka glasi kwenye kizingiti nikaenda kunawa. Kijana wa kazi ndiye aliyeita: "Dokta, njoo uone, yameganda." Kweli, yalikuwa yameshikana kama uji uliopoa. Ukiinamisha glasi, yanatikisika bila kumwagika.

Glasi ile nitairudia kwenye uchambuzi, kwa sababu ndani yake ndimo mlimokuwa na jibu la kisa kizima.

Sampuli ya ubongo niliichukua kwa kijiko chembamba kupitia tundu la nyuma ya fuvu, bila kupasua kichwa, nikiwa na glovu, barakoa na miwani. Mbuzi mwenye dalili za kichwa anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, na afisa mifugo asiyejikinga hapo anacheza na roho yake. Kipande kidogo husagwa kati ya vioo viwili, hukaushwa, hupakwa rangi ya Giemsa. Majibu ya maabara yalikuja alasiri ya kesho yake: ndani ya seli za kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo kulikuwa na vishada vya chembe za buluu iliyoiva. Ni Ehrlichia ruminantium, bakteria wa maji moyo.

Kupe wenyewe sikuhitaji maabara kuwatambua. Chini ya mkia, kwenye kinena na kati ya kwato za mbuzi waliobaki walikuwepo wale wakubwa, dume akiwa na mgongo wa rangi ya chungwa uliochorwa mistari myeusi, miguu ina pete nyeupe.

Maamuzi siku ile

Walibaki sita. Sikusubiri majibu ya ubongo. Nilipima joto wote: wa nne 41.2, wa tano 40.9, wa sita 41.4, watatu waliobaki wako kawaida. Wa nne na wa tano walikuwa bado wanasimama vizuri na kunusa majani. Wa sita alikuwa anahema kwa tumbo na anainua miguu ya mbele juu kupita kiasi anapotembea, kama mtu anayevuka tope.

Wenye homa wote watatu niliwapa oksitetrasaiklini ya asilimia 10, mililita moja kwa kila kilo kumi za uzito, yaani miligramu 10 kwa kilo, kila siku kwa siku tatu. Wa sita nilimpa dozi ya kwanza kwenye mshipa, polepole sana. Wale wazima sikuwachoma. Ningeweza kuwapa dawa ya muda mrefu kama kinga, na wenzangu wengi wangefanya hivyo. Lakini Mwalimu ni mtu wa daftari. Nilimwachia kipimajoto, nikamfundisha kukiweka, tukakubaliana asubuhi na jioni apime na kuandika, na yeyote atakayevuka 40 anipigie wakati huo huo. Kwa mfugaji asiye na mtu wa kupima ningewachoma wote.

Uamuzi mgumu ulikuwa juu ya wa sita. Mwalimu alikuwa ameshasikia maelezo yangu, lakini alimwona anavyohema, na aliyekuwa anazungumza sasa alikuwa mama mwenye uchungu. "Dokta mwanangu, huyu anazama kwa maji, mimi namwona. Kidogo tu, usimpe nyingi." Nami kwenye mkoba wangu furosemaidi ilikuwemo. Nilifundishwa chuoni kwamba ni dawa ya kusaidia kwenye maji moyo, na nimewahi kuitumia kwenye ng'ombe.

Sikumpa. Nilimweleza kwamba maji yaliyo mapafuni mwake yametoka kwenye damu yake, na dawa hii ingeipunguza damu hiyo hiyo. Dripu ya maji nayo sikumwekea. Mishipa inayovuja ukiijaza inavuja zaidi, na inavujia mapafuni. Kwa hiyo tulimwacha kivulini, pakavu, amelazwa kwa kifua na si kwa ubavu, maji ya kunywa karibu na mdomo, bila kumnywesha kwa chupa, kwani mwenye dalili za ubongo hupaliwa. Ilikuwa tiba ndogo na nilijua ni ndogo.

Jirani mwingine alishauri achinjwe kabla hajawa kibudu, ili angalau nyama isipotee. Mwalimu akanitazama. Nikasema nyama yenye dawa mwilini hailiwi wala haiuzwi, na yeye akasema basi abaki, kama ni riziki yake atapona.

Maziwa ya wote waliochomwa yalimwagwa kwa siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa. Banda na mbuzi walio wazima walinyunyiziwa amitrazi, dawa ya kupe, kwa bomba la mgongoni, wagonjwa tukawasubiri wapate nguvu. Mbuzi wote wakarudi kula ndani.

Matokeo

Wa nne na wa tano homa yao ilishuka chini ya 40 ndani ya siku mbili, wakapona. Jioni ya siku ya tatu daftari la Mwalimu liliandika 40.6 kwa wa saba. Mbuzi huyo alikuwa anacheua na hana dalili hata moja ya kuonekana kwa macho. Alichomwa jioni ile ile, kesho yake joto limeshuka. Wa nane na wa tisa hawakuugua.

Wa sita alikufa usiku wa siku ya pili.

Kwa hiyo kati ya tisa wanne walikufa na watano walibaki. Kati ya wanne waliokufa, wawili walipewa furosemaidi, mmoja hakupewa dawa yoyote, na mmoja alipewa oksitetrasaiklini tu, akiwa ameshachelewa. Hesabu hii haithibitishi kwamba furosemaidi iliua. Huenda wa pili na wa tatu wangekufa hata kama wasingeguswa, kwani bila antibayotiki mbuzi wengi wazima wasio na kinga hufa kwa ugonjwa huu. Ninachoweza kusimamia ni hiki: mbuzi wa tatu nilimkuta amekauka kwa namna ambayo maji moyo peke yake hayaelezi, na siku ambayo antibayotiki ingefanya kazi ilitumika kumkojoza.

Uchambuzi: jina lilivyotupotosha

Ugonjwa huu umepewa jina na watu waliofungua mizoga wakakuta moyo unaelea. Si Waswahili tu. Kiingereza na Kiafrikana cha Afrika Kusini vina jina la maana hiyo hiyo. Huko ndiko alikoandika mhamiaji mmoja, Louis Trichardt, kwenye shajara yake mwaka 1838 kwamba kondoo wake walikufa baada ya kuvamiwa na kupe. Mwaka 1900 mtaalamu wa wadudu Charles Lounsbury alionyesha kwamba kupe ndiye mbebaji, na mwaka 1925 mtafiti Edmund Cowdry akamtambua bakteria mwenyewe, ndani ya kuta za mishipa. Basi kwa miaka mia moja tunajua kwamba mahali panapoumwa ni ukuta wa mshipa wa damu, lakini jina limeendelea kututuma moyoni.

Hapo ndipo mtoto wa kaka wa Mwalimu alipokosea, na nisingependa alaumiwe kupita kiasi. Kwa binadamu mwenye moyo dhaifu, pampu imeshindwa, damu inarundikana nyuma yake, msukumo unapanda na maji yanachujwa kwenda mapafuni na miguuni. Mgonjwa huyo ana maji mengi kupita kiasi ndani ya mishipa yenyewe. Furosemaidi inazuia figo zisirudishe chumvi kwenye damu, chumvi inatoka na maji, mzigo unapungua, mgonjwa anapumua. Kwake ni dawa sahihi.

Kwa mbuzi mwenye maji moyo pampu ni nzima. Bakteria wamekaa kwenye seli za ndani za mishipa midogo, mishipa imepoteza uwezo wa kuzuia, na maji ya damu pamoja na protini zake yanapenya nje. Glasi ile ya chai ilionyesha hivyo. Maji ambayo yangechujwa kwa msukumo tu yangekuwa na protini chache na yangebaki maji. Haya yaliganda kwa sababu yalibeba protini za damu za kugandisha. Mwalimu nilimweleza kwa mtungi: mtungi una ufa, sakafu imelowa, na wewe unachota kutoka mtungini ili sakafu ikauke. Akaniambia, "Basi tulimkausha mnyama mwenye kiu." Nilimwomba asilibebe lote peke yake.

Kipimo hakikuwa kosa. Mbuzi yule alikuwa na kilo 28 hivi, ampuli mbili ni miligramu 40, kama miligramu moja na nusu kwa kilo, kiwango ambacho hata daktari wa mifugo angekitoa. Nasisitiza hili kwa sababu tukikutana na kisa cha namna hii huwa tunakimbilia kusema "alizidisha dozi". Dozi ilikuwa sawa, na mkojo ulitoka kama ilivyotarajiwa. Mafanikio ya dawa ndiyo yaliyomfanya kila mtu aamini kwamba mbuzi anapona, hadi jioni akarudiwa.

Suala hili limewahi kufanyiwa utafiti. Mwaka 1998 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha kwenye jarida la chama cha madaktari wa mifugo la nchi hiyo kazi iliyolenga swali hili hasa. Kwa kuwa furosemaidi ilikuwa ikitumika kusaidia wanyama wenye maji moyo, waliwapa kondoo wazima, wasio na ugonjwa, ili waone dawa peke yake inaufanya nini uwiano wa maji na chumvi mwilini, na walichokiandika ni tahadhari juu ya madhara inayoweza kuleta. Kuna anayeweza kusema kondoo mzima si mbuzi mgonjwa. Ni kweli, na hiyo ndiyo mipaka ya kazi ile. Lakini kondoo mzima ana mishipa isiyovuja na figo zenye damu ya kutosha. Kama yeye anatikiswa, yule ambaye damu yake imeshapungua anaanzia chini zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo sikulifikiria asubuhi ile na nilipaswa. Oksitetrasaiklini hupita kwenye figo, na kwa mnyama aliyekauka inaweza kuziumiza. Hata kwa binadamu madaktari huonywa juu ya kuchanganya dawa za jamii hiyo na dawa za kukojoza. Mbuzi wa tatu alikuwa na vyote viwili. Alikuwa anakufa, sidhani kama nilimdhuru, lakini ingekuwa ni mbuzi aliyekojozwa mara moja tu na bado anasimama, ningepaswa kwanza kumrudishia maji kidogo kidogo kwa mdomo, na kumpa antibayotiki bila kukawia lakini kwa kipimo cha chini kinachotosha.

Kosa langu la simu

"Anakojoa sana" ni maneno ambayo mfugaji wa mbuzi hayasemi kila siku. Mimi nilikuwa na boksi la chanjo mkononi, barafu inayeyuka, kuku wa watu wamefungwa miguu wananisubiri. Nikayasikia maneno nikayapitisha. Kama ningeuliza swali moja, umempa nini, Mwalimu angeniambia, kwa kuwa wakati huo alikuwa bado anaamini kwamba dawa ni nzuri. Aibu ya kuficha ilikuja baadaye. Ningemwelekeza duka la pembejeo usiku ule, kijana angemchoma oksitetrasaiklini, na labda wa tatu angekuwa hai. Hata wa sita, kwa sababu homa yake bila shaka ilianza kabla sijafika, na hakuna aliyempima.

Tangu siku hiyo, mtu akinipigia, kabla sijauliza dalili nauliza vitu viwili: mnyama huyu ametoka wapi na lini, na amepewa nini tangu aanze kuumwa, hata kama ni majani ya muarobaini. Nauliza kwa sauti ya kawaida, bila ukali, maana mfugaji akihisi nataka kumkamata hataniambia.

Kilichofanya kazi

Kipimajoto. Dawa ile ile ya bei ndogo iliyoshindwa kwa wa sita ilifaulu kwa wa nne, wa tano na wa saba, na tofauti yao ilikuwa siku moja au mbili za homa. Dalili za ubongo na za kuhema zinazotisha ni za mwisho. Wakati zinaonekana, mishipa imeshavuja na antibayotiki inaua bakteria bila kuziba ufa. Wa saba aligunduliwa na mstaafu mwenye kalamu, kabla ya jicho la mtu yeyote.

Na yule mzee jirani. Aliutaja ugonjwa kwa jina lake siku ya kwanza kabisa. Angekuwa ameongeza neno moja, kwamba maji moyo hutokana na kupe, mazungumzo ya simu yangekwenda njia nyingine. Nilimuuliza kama anajua. Alijua. Alisema, "Hakuna aliyeniuliza, Dokta, waliuliza dawa."

Kama wale mbuzi wangeletwa leo, ningependa wapangiwe ratiba kabla ya kutoka milimani: wakitolewa nje kwenye eneo lenye kupe wachomwe oksitetrasaiklini ya muda mrefu siku ya 7, ya 14 na ya 21, ili waambukizwe chini ya ulinzi wa dawa na kujijengea kinga. Ni njia inayojulikana, na gharama yake kwa mbuzi tisa ni ndogo kuliko bei ya mbuzi mmoja.

Mwezi Machi yule mbuzi wa nne alizaa mapacha. Mwalimu alinipigia siku hiyo hiyo, swali lake si la maziwa. Alitaka kujua kama watoto wawekwe mbali na kupe kabisa, au waachwe waumwe kidogo wakiwa bado wachanga kama wa majirani. Nilimwambia awaache na mama yao kwenye kiunga cha nyuma ya nyumba, asiwanyunyizie chochote wiki hizo za mwanzo, na awapime joto asubuhi na jioni. Siku ya 12 mmoja alifika 40.1, akanipigia saa kumi na moja alfajiri, tukakubaliana kusubiri hadi jioni huku dawa iko tayari kwenye bomba. Jioni kipimajoto kilisema 39.4, na mtoto alikuwa ananyonya.